Maswali ya Wasomaji: Faili Zilizowekwa Karantini

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi zinauliza jambo moja: programu ya kuzuia virusi imeikamata faili yangu na kuiweka karantini, sasa nifanye nini? Nimechagua barua tano. Baadhi nimezijibu kwa kirefu kwa sababu kosa dogo hapo humgharimu mtu kazi ya muhula mzima.

*Mimi ni mwalimu wa darasa katika shule moja ya upili hapa Bungoma, na ndiye ninayetunza jedwali la alama. Wiki iliyopita nilipeleka flashi kwenye saiba mjini ili nichapishe ripoti za wanafunzi. Mhudumu alipoichomeka, kompyuta yake ilitoa onyo lenye maneno X97M/Laroux, kisha ikasema kwamba faili imewekwa karantini. Niliporudi shuleni nikaifungua flashi, jedwali halikuwamo. Nakala iliyo katika kompyuta ya shule ni ya muhula uliopita. Je, alama zangu zimefutwa? Na nikiirudisha faili hiyo, sitaiharibu kompyuta ya shule?*
Mwalimu, Bungoma

Mwalimu, kwa maelezo yako alama hazijafutwa. Ziko mjini, ndani ya kompyuta ya saiba ile. Programu ya kuzuia virusi inapoiweka faili karantini, huiondoa pale ilipokuwa, huibadili iwe fumbo ambalo kompyuta haiwezi kuliendesha, kisha huifungia katika folda yake yenyewe iliyo kwenye diski ya kompyuta inayofanya ukaguzi. Faili iliyokuwa kwenye flashi haibaki kwenye flashi. Kwa Microsoft Defender, ambayo huja pamoja na Windows 10 na Windows 11, folda hiyo imo ndani ya ProgramData kwenye diski C, na haifunguki kwa kubofya tu kama folda nyingine. Sisi tunaoishi na wafugaji tunaijua karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo: mnyama hapelekwi mnadani wala hachinjwi, bali hubaki alipo mpaka afisa wa mifugo atoe uamuzi. Ng'ombe wako yu hai, ila amefungiwa katika zizi la jirani.

Kwa hivyo rudi kwenye saiba ileile, kwenye kompyuta ileile, na urudi mapema. Programu nyingine hufuta vilivyomo karantini zenyewe baada ya idadi ya siku iliyowekwa katika mipangilio. Mhudumu akiweka Windows upya, au akiiondoa programu yake ya ulinzi ili aweke nyingine, folda ile yaweza kuondoka pamoja nayo. Mpigie simu leo umwombe asiguse kitu mpaka ufike.

Umefanya vyema sana kunakili maneno ya onyo, na ninawasihi wasomaji wote wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa jina hilo ndilo linalotuambia ni ugonjwa wa aina gani. X97M ni alama ya kirusi cha makro kinachoishi ndani ya majedwali ya Excel, na Laroux ni kirusi kilichogunduliwa mwaka 1996, cha kwanza kuenea kati ya majedwali hayo. Makro ni maagizo yanayoandikwa ndani ya jedwali ili lifanye kazi fulani lenyewe, kama vile kuwapanga wanafunzi kwa nafasi. Laroux hujinakili tu kutoka jedwali moja hadi jingine, nacho hakikuundwa ili kifute alama wala kuiba siri. Nadhani kimedumu katika shule zetu kwa sababu ya mazoea ya kurithishana jedwali moja la zamani la muundo wa .xls, kila mwalimu akifuta majina ya mwaka jana na kuandika ya mwaka huu, huku makro zilizojificha zikiendelea na safari.

Alama zenyewe, yaani tarakimu zilizo katika visanduku, hazina kirusi. Kirusi kimo ndani ya makro, na ndiyo maana programu nyingi zinaweza kuisafisha faili ya namna hii kwa kuondoa makro na kuyaacha mengine yote. Mwombe mhudumu atazame historia ya ulinzi kama chaguo hilo la kusafisha lipo. Ikiwa halipo, faili irejeshwe kwa uangalifu. Kwanza kompyuta itolewe kwenye mtandao. Programu ya ulinzi itataka kuikamata faili tena, kwa hivyo mhudumu airuhusu faili hiyo moja pekee, wala asizime ulinzi wote, na ruhusa hiyo aiondoe mara kazi inapokwisha. Kisha jedwali lifunguliwe huku makro zimezimwa. Mimi hupendelea LibreOffice, ambayo ni ya bure na ambayo mipangilio yake ya usalama huruhusu makro zote kufungiwa kwa kiwango cha juu kabisa. Baada ya hapo jedwali lihifadhiwe upya kwa muundo wa .xlsx, ambao kwa asili yake haubebi makro. Fungua faili mpya, hesabu wanafunzi, linganisha alama chache na daftari lako, na ndipo ile ya zamani ifutwe. Ikiwa .xlsx itasumbua, tumia .csv: utapoteza fomula na mapambo, na itahifadhi karatasi moja tu kwa wakati mmoja, lakini alama zitasalimika.

Kompyuta ya shule sasa ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa maana yaelekea ndiko jedwali lilikotoka likiwa limeambukizwa. Laroux huacha nakala yake katika folda iitwayo XLSTART, mara nyingi kwa jina PERSONAL.XLS, na Excel hufungua kila kitu kilicho katika folda hiyo kila inapoanza. Usiifute faili hiyo kwa kuliona jina tu, kwa kuwa kuna watu wanaoiunda kihalali kwa kazi zao. Sasisha programu ya ulinzi ya shule, fanya ukaguzi kamili wa diski yote, na uiache ikuambie. Usipofanya hivyo, majedwali mengine ya .xls yataambukizwa tena kabla muhula haujafungwa.

*Ninaendesha saiba karibu na steji ya matatu mjini Nakuru. Kila siku flashi za wateja huja zikiwa na njia za mkato (shortcut) zinazofanana na folda zao. Programu yangu huzikamata zote, kisha mteja huikuta flashi ikiwa tupu na kunilaumu kwamba nimemfutia kazi. Juzi mmoja alidai fidia. Je, nizirejeshe hizo njia za mkato kutoka karantini ili apate folda zake?*
Mwenye saiba, Nakuru

Hapana, ndugu yangu, usizirejeshe hata moja. Njia hizo za mkato ndizo kirusi chenyewe, au tuseme ndizo mlango wake. Mteja akibofya kitu anachokiona kuwa ni folda ya picha za harusi, folda hufunguka kweli ili asishuku, na papo hapo maagizo yaliyofichwa ndani ya njia hiyo ya mkato hukiendesha kirusi na kukihamishia kwenye kompyuta.

Folda halisi za mteja kwa kawaida zimo mlemle kwenye flashi, ila zimefichwa. Dalili utaiona mara moja ukitazama nafasi iliyotumika: flashi inayoonekana tupu lakini ambayo theluthi yake imejaa ina vitu ndani. Kirusi kimezipa folda hizo alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, na Windows huwa haionyeshi kitu chenye alama hizo. Ili kuziondoa, fungua dirisha la amri na uandike `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`, ukibadili F iwe herufi ya flashi kwenye kompyuta yako. Hakikisha herufi hiyo mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa kuwa kuiendesha amri hii kwenye diski C huleta fujo. Baada ya muda mfupi folda zitatokea.

Mara nyingine utaona folda moja isiyo na jina lolote, kana kwamba ni nafasi tupu. Tafadhali usiifute. Kundi la virusi lililoitwa Andromeda, au Gamarue, lilikuwa na desturi ya kuhamishia kila kitu cha mwenye flashi ndani ya folda ya namna hiyo. Polisi wa nchi kadhaa waliuvunja mtandao wa Andromeda mwishoni mwa mwaka 2017, lakini flashi zilizoambukizwa hazikujua kwamba mtandao umevunjwa, nazo zinaendelea kupita mikononi mwa watu. Fungua folda hiyo, utoe yaliyomo, kisha ukague tena.

Kuhusu lawama za wateja, nina maoni yangu. Kabla hujachomeka flashi ya mtu, mwambie kwamba programu yako itaikagua na kwamba faili zitakazoonekana kuwa na kirusi zitabaki karantini kwenye kompyuta yako. Akikubali, endelea. Faili yoyote ya kazi ikikamatwa, mwonyeshe jina lake na onyo lake kwenye skrini akiwa hapo hapo mbele yako, na umwachie yeye aamue ikiwa itafutwa. Kumbuka pia kwamba karantini yako imejaa nyaraka za watu: barua za kuomba kazi, nakala za vitambulisho, matokeo ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe mwangalifu na habari za watu ulizo nazo, kwa hivyo faili iliyokwisha kuamuliwa ifutwe, isilimbikizwe kwa miezi.

Zaidi ya hayo, ikiwa flashi safi ikichomekwa kwenye kompyuta yako inatoka na njia za mkato, basi kompyuta yako ni mgonjwa, nawe ndiwe unayewaambukiza wateja. Nimewaona wenye saiba wanaokagua flashi kwa bidii bila kuwahi kuikagua diski yao wenyewe. Ukiweza, tenga kompyuta moja inayotumia Linux kwa kazi ya kufungua flashi na kuchapisha, kwa maana njia za mkato za Windows haziwezi kuendeshwa huko.

*Kompyuta yangu ina vitu 41 karantini. Je, vinaweza kutoroka? Na vinaijaza diski?*
Mfanyabiashara, Busia

Havitoroki. Vikiwa katika hali ile ya fumbo haviwezi kuendeshwa, na hatari hurejea pale tu mtu anapovirejesha kwa mkono wake. Vinachukua nafasi sawa na ukubwa wake, ambao kwa kawaida ni mdogo. Pitia orodha, na usipoona jina la hati unayoitambua kuwa yako, futa vyote. Lakini tazama tarehe: ikiwa vitu hivyo 41 viliingia kwa mwaka mzima, hiyo ni kazi ya kawaida ya programu, ikiwa viliingia kwa siku mbili, kuna kitu kinachovizalisha ambacho bado hakijakamatwa, na itakubidi ufanye ukaguzi kamili.

*Ninawajazia watu fomu za ushuru hapa Kisumu. Mwaka huu, siku chache kabla ya tarehe 30 Juni, programu yangu iliikamata fomu ya Excel ya iTax ambayo rafiki alinitumia kwa WhatsApp. Nimeambiwa programu hizi hukosea, kwa hivyo niirejeshe tu. Ni kweli?*
Msomaji, Kisumu

Ni kweli kwamba hukosea, na makosa mengine yamekuwa makubwa. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilitoa sasisho lililoidhania svchost.exe, faili ya lazima katika Windows XP, kuwa ni kirusi. Kompyuta nyingi duniani zilizimika na kujiwasha mfululizo kwa sababu programu ya ulinzi ilikuwa imeondoa kiungo cha mwili wenyewe. Tena fomu ya iTax ni ya aina inayoshukiwa kwa urahisi: ina makro, na bila makro hizo haiwezi kukagua ulichojaza wala kukutengenezea faili ya zipu ya kupakia. Tangu mwaka 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, kwa hivyo hata fomu safi inaweza kukuletea onyo.

Hata hivyo, dada au kaka yangu, usiirejeshe faili ile. Huna haja ya kubahatisha kama programu imekosea au la, kwa kuwa fomu yenyewe hupatikana bure katika tovuti ya iTax ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya. Ingia humo mwenyewe, pakua nakala mpya, uifungue. Ikiwa nakala hiyo mpya haikamatwi, basi yaelekea ile ya rafiki ilikuwa na kitu kilichoongezwa njiani, na unapaswa kumwarifu. Ikiwa nayo inakamatwa kwa jina lilelile, hapo kuna sababu ya kufikiri kwamba programu imekosea. Kanuni hii naitumia kwa kila faili ambayo chanzo chake kinajulikana: badala ya kukitoa kilichofungwa, nakwenda kuchukua kingine kisimani.

Wengi watakushauri uipakie faili kwenye VirusTotal, huduma iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo sasa ni ya Google, inayoikagua faili kwa programu zaidi ya 70 kwa mara moja. Ni huduma nzuri nami huitumia, lakini kinachopakiwa huko kinaweza kufikiwa na makampuni ya usalama na watafiti. Ipakie fomu tupu ukipenda. Iliyojazwa, yenye namba ya ushuru (PIN) na mapato ya mteja wako, usiipakie kamwe.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kakamega. Nilipakua programu ya kuchorea pamoja na kiwezeshi cha kuifanya itumike bila leseni. Maelekezo yalisema nizime ulinzi kwanza, nami niliuzima kwa siku mbili. Nilipouwasha, faili mbili ziliwekwa karantini, moja ikiitwa HackTool na nyingine Trojan. Programu ya kuchorea imeacha kufanya kazi, na barua pepe yangu inaonyesha kwamba mtu ameingia kutoka nchi ya mbali. Nirejeshe kiwezeshi au nifute?*
Mwanafunzi, Kakamega

Ndugu mwanafunzi, acha kwanza habari ya karantini, kwa maana faili zile mbili sasa haziwezi kukudhuru. Lililo muhimu ni zile siku mbili ambazo mlango ulikuwa wazi. Karantini huizuia faili isiendeshwe tena, lakini haiwezi kurudisha kilichokwisha kuchukuliwa, na kuingia huko kwa mtu wa mbali kunaonyesha kwamba maneno yako ya siri yamechukuliwa.

Chukua simu yako, au kompyuta ya mtu unayemwamini, usitumie ile iliyoambukizwa. Anza na barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe yako anaweza kubadili neno la siri la akaunti nyingine zote. Badilisha neno la siri, kisha utafute chaguo la kuondoka kwenye vifaa vyote. Hatua hii ya pili wengi huisahau, nayo ni ya lazima: programu za wizi huchukua pia vidakuzi vya kivinjari, yaani faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeshaingia, ambavyo humwezesha mwizi kubaki ndani bila kuulizwa neno la siri. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Angalia pia kama kuna anwani ngeni ambako barua zako zinaelekezwa kwa siri. Fuata na mitandao ya kijamii, tovuti ya chuo, na kila mahali ambapo kivinjari kilikuwa kimekuhifadhia neno la siri.

Kisha rudi kwenye kompyuta. Microsoft Defender ina ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka, unaochukua kama dakika 15, na huvumbua vitu vinavyojificha mfumo ukiwa unafanya kazi. Ufanye, lakini usiridhike nao. Kwa hali uliyoieleza, mimi ningenakili hati zangu tu, yaani maandishi, picha na kazi za chuo, bila kuchukua programu wala faili yoyote ya .exe, kisha ningefuta diski na kuweka Windows upya. Karantini itafutika pamoja na diski, na swali lako la kurejesha au kufuta litakuwa limejijibu.

Kuhusu kiwezeshi, najua kwamba bei ya programu za kuchorea ni mzigo kwa mwanafunzi, nami sikulaumu. Lakini jina HackTool halimaanishi kwamba faili haina madhara mengine kwa sababu tu inachezea leseni. Vifurushi vya aina hii vimetumika kueneza virusi vinavyozifunga faili za mtu na kumdai pesa ili zifunguliwe, likiwemo kundi la STOP, liitwalo pia Djvu, ambalo limefunga picha na kazi za watu wa kawaida waliokuwa wakitafuta programu za bure. Anayekutaka uzime ulinzi kabla ya kufungua zawadi yake amekwisha kukuambia kilichomo. Jaribu GIMP kwa picha na Inkscape kwa michoro. Zote mbili ni za bure na hazihitaji kiwezeshi.

Kabla hujafanya lolote kati ya haya, waandikie jamaa na marafiki leo, kwa simu na si kwa akaunti ile, uwaambie wasitume pesa kwa M-Pesa kwa ombi lolote linalotoka kwako mpaka wasikie sauti yako.